Nimefanya bakapu kwa ln, mbona faili moja limebadilika na jingine limebaki la zamani?

"Shikamoo mtaalamu. Nipo studio ya video za harusi na sendofu hapa Sinza, mashine yetu ina Ubuntu. Kuna bro mmoja alinionesha kwamba naweza kufanya bakapu bila kula nafasi kwa kutumia amri ya ln, nikatengeneza folda inaitwa bakapu nikaunganisha humo mafaili yote ya folda ya kazi, na kweli diski haikupungua hata kidogo, nikafurahi. Sasa wiki iliyopita nimefungua bei.txt kwa nano, ile orodha ya bei ambayo bosi huwa anawatumia wateja WhatsApp, nikafuta bei za zamani nikaandika mpya. Bosi akazitaka za zamani, naenda kwenye bakapu nakuta nako zimebadilika! Lakini wateja.txt nililibadilisha kwa sed -i na hilo kwenye bakapu limebaki la zamani. Video niliyoifuta kimakosa kwenye kazi nayo nimeikuta bakapu nzima kabisa. Halafu nikafuta video nyingi za mwaka jana kupunguza mzigo, nafasi haikuongezeka. Na zile nilizofanya kwa ln -s zimekuwa nyekundu zote tangu nibadilishe jina la folda ya Harusi. Nikijaribu ln kwenda diski ya nje inagoma. Je hii bakapu ni ya kuaminika au nimepigwa?"

Marahaba, na pole. Hujapigwa, bro wako alikuonesha kitu cha kweli ila alikiita jina lisilo lake. Ile sio bakapu. Kwenye diski yako kila video ipo moja tu, ulichofanya ni kuipa jina la pili, na ndo maana haikula nafasi. Hiyo ilitakiwa ikustue badala ya kukufurahisha, maana nakala halisi ya video ya GB 20 lazima ichukue GB 20, hakuna ujanja.

Nimesoma swali lako mara mbili, na kiukweli umenirahisishia kazi kwa sababu mambo yote sita uliyoyaona yana chanzo kimoja, kwa hiyo ngoja tukielewe hicho kwanza halafu mengine yatajijibu yenyewe.

Sisi tumezoea kuamini kwamba jina la faili lipo ndani ya faili, kama lebo iliyoshonwa kwenye shati. Kwenye Linux haipo hivyo. Mfumo wa mafaili unatunza kila faili kwa namba, na nyuma ya namba hiyo kuna rekodi inaitwa ainodi, humo ndo zimeandikwa habari za faili: mwenye nalo nani, ruhusa zake, ukubwa, saa ya mwisho kubadilishwa, na vipande vyake vya data vimekaa wapi kwenye diski. Jina halimo. Jina linakaa kwenye folda, na folda yenyewe ukiifungua tumbo ni daftari tu lenye mistari ya aina hii: bei.txt ni namba fulani, wateja.txt ni namba fulani. Basi.

Sasa mfikirie mtu mmoja wa Tabata. Nyumbani anaitwa Baba Asha, gereji wanamwita Fundi, kwenye kikoba ni Mwenyekiti. Namba yake ya NIDA ni moja. Hayo majina matatu hayajazaa watu watatu, na hakuna jina ambalo ndilo "orijino" na mengine ni kivuli chake, yote yanamfikia yeye moja kwa moja. Hiyo ndo hadi-linki, hard link kwa Kiingereza (hiyo "hadi" sio ya mpaka, msije mkanisoma vibaya). Ulipoandika ln kazi/bei.txt bakapu/bei.txt uliongeza mstari mmoja tu kwenye daftari la folda ya bakapu, wenye namba ileile ya ainodi.

Usiniamini kwa maneno, fungua teminali uandike:

ls -li kazi/bei.txt bakapu/bei.txt

Namba ya kwanza kabisa kushoto ndo ya ainodi, utaona inafanana kwa yote mawili. Baada ya zile herufi za ruhusa kuna tarakimu nyingine ndogo, itakuwa 2. Hiyo ni hesabu ya majina aliyonayo huyo mtu. Watu wanatumia ls -l miaka kumi hawajawahi kujiuliza ile tarakimu inafanya nini pale.

Haya, turudi kwenye mambo yako. Umemkata ndevu Baba Asha nyumbani, halafu unashangaa Fundi amekuja gereji hana ndevu! Nano inapohifadhi faili inaandika ndani ya ainodi ileile, inafuta yaliyomo inaweka mapya, kwa hiyo jina lolote utakaloingilia utakuta mapya. Bei za zamani zilikufa palepale ulipobonyeza kuhifadhi.

Na wateja.txt je? Hapa ndo pamewachanganya wengi, maana inaonekana kama bakapu imefanya kazi kumbe ni bahati. sed -i haigusi faili la zamani, inaandika faili jipya pembeni lenye ainodi yake mpya, ikimaliza inalibatiza jina wateja.txt kwenye folda ya kazi na kulifuta lile jina la zamani hapo. Yaani ni kama gereji wameajiri mtu mwingine wakampa yeye jina la Fundi, wakati Mwenyekiti wa kikoba ni yuleyule wa zamani, ndo huyo uliyemkuta bakapu. Piga ls -li kwa hilo faili utaona sasa namba mbili tofauti na kila moja ina hesabu ya 1. Kwa hiyo "bakapu" yako inategemea programu uliyotumia kuhariri ina tabia gani ya kuhifadhi, na tabia hizo zinatofautiana programu kwa programu, nyingine hata zinabadilika kwa setingi. Huwezi kulala usingizi juu ya kitu kama hicho.

Video uliyoifuta ikabaki ni kwa sababu amri ya rm haifuti data, inafuta jina. Kernel, yaani kiini cha Linux, hiyo kazi inaiita unlink, kufungua fundo. Jina likitoka hesabu inapungua kutoka 2 kwenda 1, na mpaka ifike 0 ndo mfumo unaachia nafasi ya diski. Ndo maana pia zile video za mwaka jana hazikurudisha hata GB moja, umeyafuta majina ya folda ya kazi huku majina ya bakapu bado yamezishika. Na kuna kisa cha pili cha nafasi kutorudi, nakitaja tu kwa sababu studio kitawapata: hata hesabu ikiwa 0, kama kuna programu bado imelifungua faili, mfano video ipo kwenye pleya au programu ya kuhariri haijafungwa, data haiachiwi hadi programu ifungwe. Ukihisi hivyo sudo lsof +L1 itakuonesha nani amelishika.

Usipimie nafasi kwa du, amri ya kupima ukubwa wa folda, peke yake. Ukiipiga kwa kazi halafu ukaipiga tena kwa bakapu, kila moja itakutajia ukubwa wote utadhani una mafaili mara mbili. Ukiziweka pamoja kwenye amri moja, du -sh kazi bakapu, ya pili itaonekana ndogo sana kwa sababu du ndani ya mzunguko mmoja haihesabu ainodi ileile mara mbili. Ukweli wa diski nzima upo kwenye df -h.

Nami nikupe aibu yangu, ili usijione mjinga. Mwaka wangu wa kwanza kazini, ofisi moja hapa mjini, nilikuwa na folda kama hiyo yako kwenye seva. Nikaona mafaili ya bakapu yana umiliki uliovurugika, nikapiga chown -R, amri ya kubadilisha mwenye mafaili, kwenye folda ya bakapu tu, nikijiambia nikikosea ni bakapu bwana. Dakika tano simu zinaita, mfumo umekufa. Umiliki na ruhusa vinakaa kwenye ainodi, sio kwenye jina, kwa hiyo nilikuwa nimebadilisha mafaili hai yote bila kuyagusa kwa jina lake. Mchana ule sikula.

Kwa nini diski ya nje inagoma? Rudi kwa NIDA. Namba ile ina maana Tanzania, ukivuka Namanga wana daftari lao na namba zao. Namba ya ainodi nayo ina maana ndani ya mfumo mmoja wa mafaili tu, diski ya nje ina daftari lake, na namba hiyohiyo kule ni ya faili jingine kabisa, kwa hiyo ln inakujibu "Invalid cross-device link" na iko sahihi. Hata patisheni mbili, yaani vyumba viwili vya diski moja iliyogawanywa, zinahesabika nchi mbili. Juu ya hapo, diski nyingi za nje zinakuja zimeformatiwa exFAT, mfumo wa mafaili unaosomeka na Windows pia, na exFAT haina hadi-linki wala simlinki (zile za ln -s, nakuja kwazo), basi hata ukijaribu kuunganisha faili na jirani yake humohumo ndani itakataa.

Na kabla hujauliza, folda nayo haiunganishwi kwa hadi-linki, Linux inakataa, kwa sababu ungeweza kuiweka folda ndani ya mtoto wake na programu zinazotembea folda zote zingezunguka mpaka kesho.

Sasa nyekundu zako. ln -s inatengeneza simlinki, na hiki ni kiumbe kingine. Simlinki ni faili dogo lenye ainodi yake lenyewe, na ndani yake kuna maandishi tu ya njia. Ni kikaratasi kimeandikwa "panda gari za Tabata, shuka Bima, nyumba ya tatu mkono wa kulia ulizia Baba Asha". Kikaratasi hakimjui Baba Asha wala NIDA yake. Angalia ukubwa wake kwenye ls -l, utakuta ni idadi ya herufi za hiyo njia, kama njia ina herufi 31 basi ni baiti 31, hata kama upande wa pili kuna video ya GB 40. Na hakiongezi hesabu ya majina, kwa hiyo ukimfuta mhusika kikaratasi hakimzuii kufa.

Ulipobadilisha jina la folda ya Harusi ni sawa na kituo cha Bima kupewa jina jipya. Baba Asha yupo palepale na hadi-linki zake hazijatikisika, ila vikaratasi vyote vinaelekeza kituo ambacho hakipo, na ls inavipaka rangi nyekundu. Video zako ni nzima, usiogope. Vitafute vyote vilivyokufa kwa:

find . -xtype l

na kimoja kimoja uone kilikuwa kinaelekeza wapi kwa readlink jina. Kukirekebisha ni ln -sfn njia_mpya jina. Kama ni vingi, njia ya mkato ya kihuni lakini halali kabisa: tengeneza simlinki moja yenye jina la zamani la folda inayoelekea kwenye folda yenye jina jipya, vikaratasi vyote vitafufuka kwa mpigo.

Angalia na hili, linawaumiza hata wazoefu. Njia fupi ndani ya simlinki, isiyoanza na mkwaju (/), inasomwa kuanzia pale simlinki ilipokaa, sio pale uliposimama wewe wakati unaiandika. Ukiwa ndani ya kazi ukaandika ln -s video.mp4 ../mteja/ umemtuma mtu aitafute video.mp4 ndani ya folda ya mteja, hatoipata. Tumia ln -sr ikupigie hesabu yenyewe, au weka njia kamili kuanzia kwenye mzizi. Ila njia kamili nayo siku ukihamishia diski kwenye mashine nyingine inapotea, kwa hiyo chagua ukijua. Na ukitaka kufuta simlinki ya folda andika rm jina bila kuweka mkwaju mwishoni, maana mkwaju unamaanisha kilichopo upande wa pili, na huko hutaki rm ifike.

Chenye hatari kubwa zaidi kuliko nyekundu ni kikaratasi ambacho hakijafa. Baba Asha akihama halafu akaingia mpangaji mwingine naye anaitwa Baba Asha, kikaratasi kitakufikisha kwa huyo bila kukuambia kitu. Ukifuta video.mp4 na kuweka video.mp4 nyingine, simlinki itafungua hiyo mpya kimyakimya. Kwa bakapu huo ni msiba, lakini kwa kazi nyingine ndo uzuri wake: unakuwa na simlinki inaitwa mradi_wa_sasa, kila wiki unaigeuzia folda ya harusi ya wiki hiyo, programu zako zote hazibadilishi setingi. Mimi simlinki natumia kila siku, hadi-linki kwa mkono labda mara moja kwa miezi. Tena hadi-linki ni mzee kuliko mwenzake, ipo tangu Unix ya Ken Thompson na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, simlinki ilikuja kuenea na 4.2BSD, toleo mojawapo la Unix, mwaka 1983, na ililetwa hasa kuziba hayo mawili niliyosema, kuvuka diski na kuelekeza folda. (Shotikati, yaani shortcut, ya Windows ni ndugu wa mbali tu, ile ni faili ambalo dirisha la mafaili ndo linalielewa, simlinki inafuatwa na mfumo wenyewe kwa hiyo karibu programu zote zinaipitia bila kujua.)

Sasa ufanye nini. Nunua diski ya pili, hilo halina mjadala. Kila kitu chako kipo kwenye chuma kimoja, umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, au mwizi akibeba mashine, majina yote mawili yanaondoka na mwenyewe. Hadi-linki inakukinga na kitu kimoja tu, kufuta jina kwa bahati mbaya. Hiyo sio bure, imekuokolea video moja, ila haikukingi na kuhariri vibaya, diski kufa, wala mafuriko, waulize wenye maduka bonde la Msimbazi.

Ukishapata diski, nakili folda ya kazi kwa amri ya kunakili, rsync -a kazi/ /media/diski/kazi/ kisha fungua video mbili tatu huko uone zinacheza. Zile za mwaka jana ulizozifuta kazi zimebaki bakapu tu, zitafute kwa find bakapu -type f -links 1 nazo uzinakili kwa mkono. Hapo hapo litatokea na wateja.txt la zamani. Usinakili folda zote mbili zima-zima kwa rsync -a peke yake, haitambui hadi-linki mpaka uiongezee -H, itakuandikia kila video mara mbili na diski mpya itajaa siku ya kwanza. Ukishahakikisha kila kitu kipo kule ndo ufute folda ya bakapu, na nafasi uliyoililia itarudi yenyewe.

Kama unataka na historia ya siku kwa siku, ili siku nyingine bosi akitaka bei za zamani uzipate, basi hapo hadi-linki inafanya kazi yake ya heshima:

rsync -a --link-dest=/media/diski/jumatatu kazi/ /media/diski/jumanne/

Faili ambalo halijabadilika tangu jumatatu linapewa jina la pili tu, halili nafasi, lililobadilika linaandikwa upya kama ainodi mpya, la jumatatu haliguswi. Kila siku inaonekana kama nakala kamili. Masharti mawili: diski iwe ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, sio exFAT, na usiingie humo ukahariri chochote kwa mkono, maana utakuwa umebadilisha siku zote zinazoshirikiana hilo faili. Kama bosi anataka diski hiyohiyo ichomekwe na kwenye Windows, achana na ujanja huu, nakili kawaida kwa folda za tarehe, itakula nafasi lakini itasomeka popote.

Lini umwone fundi ana kwa ana: diski ikianza kugongagonga, teminali ikianza kutaja "Input/output error", au ukigundua video ya mteja imefutwa pande zote mbili. Hapo zima mashine, usisakinishe programu ya kurudisha data kwenye diski hiyohiyo na usiendelee kurekodi, kila unachoandika kinaweza kukaa juu ya unachokitafuta. Kama ni SSD wahi zaidi, Ubuntu ina kazi ya kila wiki inayoiambia SSD ifagie nafasi zilizoachwa, ikishapita matumaini ni madogo mno. Fundi mzuri ataanza kwa kunakili diski nzima kwenye diski nyingine kisha ahangaike na ile nakala, akianza kubofya moja kwa moja kwenye yako chukua diski yako uondoke. Na mkae hapohapo wakati anafanya, humo mna harusi za watu.

Kwa bei.txt sikushauri umlipe mtu, ni mistari michache. Umesema bosi huwa anaituma kwa wateja WhatsApp: mwambie apande juu kwenye chati ya mteja yeyote wa kabla ya wiki iliyopita, alifungue lile faili alilotuma. Lile ni nakala kweli, lilikuwa na ainodi yake kwenye simu muda wote huu.